Kampuni Iliyokufa Kwenye Wasifu Wako

Katika kampuni changa hakuna kitu cha bei rahisi kama cheo. Vijana wawili wenye kompyuta moja, mahali fulani kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, wanaweza kugawana ukurugenzi mtendaji na ukuu wa teknolojia kabla chai haijapoa. Kwa hiyo nikisoma wasifu wa kazi wa mtu aliyewahi kuanzisha kampuni, mstari wa cheo naupita upesi. Ninachotafuta ni nani mwingine, asiye ndugu wala rafiki yake, aliyekihitaji alichokitengeneza.

Hebu tubuni watu wawili walioeleza mradi uleule. Mmoja kaandika: "Niliongoza mageuzi ya kidijitali katika sekta ya kilimo." Mwenzake: "Niliandika programu ya kuagizia mboga, mama mboga 40 wa Kawangware waliijaribu, 26 wakabaki tulipoanza kutoza shilingi 300 kwa mwezi." Sentensi ya kwanza yeyote angeweza kuiandika. Ya pili ina idadi ndogo, na udogo huo ndio unaonifanya niiamini, maana mwongo hujitajia maelfu. Tena inanionyesha kilichotokea siku za bure zilipokwisha. Idadi ya waliopakua programu haisemi hilo hata kidogo.

Miradi ya pembeni, ile ya usiku na wikendi, naipima kwa umbali iliofika. Chukua malipo ya M-Pesa. Safaricom ina jukwaa la Daraja kwa waandishi wa programu, na humo mna mazingira ya majaribio yenye namba ya biashara 174379. Kufika hapo ni kazi ya jioni moja. Kuwa na namba yako ya malipo, Paybill au Till, inayopokea fedha halisi ni habari nyingine: kuna nyaraka za biashara, kisha jibu la muamala huja baadaye, kando na ombi lenyewe, hivyo lazima uwe umeamua utafanya nini likichelewa au lisipofika. Anayeandika "kila usiku nililinganisha malipo yaliyokosa majibu na taarifa ya akaunti" amewahi kushika fedha za watu. Anayeandika tu "niliunganisha M-Pesa" ana maswali ya kujibu.

Ushindi wa mashindano ya ubunifu unatoshewa na mstari mmoja. Picha ya hundi ya kadibodi, tafadhali, ibaki nyumbani.

Ufundi wenyewe wa kuandika wasifu huonekana kwenye kifo cha kampuni. Wengi hukificha: wanaandika "2020 hadi sasa" juu ya kitu ambacho hata tovuti yake haifunguki. Wengine huitupia Korona lawama zote na kunyamaza. Kune, kampuni ya Nairobi iliyopika na kusambaza chakula, ilipofungwa Juni 2022, mwanzilishi wake alieleza wazi: fedha za awamu iliyofuata hazikupatikana, bei za vyakula zilipanda, na takriban dola 3 kwa mlo hazikutosha. Maelezo ya namna hiyo yanaenea katika mstari mmoja wa wasifu: mwezi, mwaka, na hesabu iliyokataa. Ukiongeza kwamba wafanyakazi walilipwa mshahara wa mwisho, nami nikathibitisha, utaitwa kwenye usaili.

Na kama mlikuwa waanzilishi wanne, taja sehemu yako waziwazi. Huenda mwenzako naye ameomba kazi hii hii, na kwenye wasifu wake programu yote aliiandika yeye.