Jumatano hadi Jumapili: McIlvanney Kinshasa

Mabondia Ali na Foreman walianza kupigana mjini Kinshasa mnamo saa 10 alfajiri, Jumatano, 30 Oktoba 1974, ili Wamarekani walione pambano usiku kwao. Waandishi wa magazeti ya kila siku walikimbizana na simu. Hugh McIlvanney wa The Observer alikuwa na shida ya namna nyingine: gazeti lake lilikuwa likitoka Jumapili tu. Kufikia siku hiyo, nani asingejua kwamba Foreman alilala raundi ya 8?

Mskoti huyu, mzaliwa wa Kilmarnock mwaka 1934, aliandika ndondi, soka na mbio za farasi, naye mwenyewe alipenda kubeti farasi. Naamini jicho hilo la kubeti lilimfaa. Anayebeti farasi kwa makini haishii kwenye nani alimshinda nani. Huuliza ardhi ilikuwaje, umbali gani, mzigo kiasi gani. Waliompa Foreman ushindi kabla ya pambano walijumlisha matokeo tu. Joe Frazier na Ken Norton walikuwa wamewahi kumshinda Ali, na Foreman aliwamaliza wote wawili ndani ya raundi 2 kila mmoja. Mkeka wa kubeti ulionekana safi. Hesabu hiyo haikuuliza joto la Kinshasa lingemfanya nini mtu mzito aliyezoea kumaliza kazi mapema.

Muda ambao wenzake hawakuwa nao, McIlvanney aliutumia kwa miguu. Saa chache baada ya pambano, yeye na mwandishi mwenzake Ken Jones walimfuata Ali N'Sele, kwenye nyumba yake kando ya mto. Umati haukuwepo. Ali akakaa nao kwa muda mrefu, akalifumua pambano lake mwenyewe: katika raundi ya kwanza aligundua kwamba Foreman anajua kumkatia njia, na kwamba yeye anayezunguka hupiga hatua nyingi kuliko anayemfuata. Akiendelea kucheza vile, miguu ingekwisha kabla ya mpinzani. Ndiyo maana raundi ya pili aliegemea kamba, akaficha kichwa nyuma ya glavu, akamwachia Foreman apige mikono na mbavu mpaka achoke, huku akimrudishia ngumi za haraka usoni kila alipopunguza kasi.

Hiyo ndiyo habari ambayo Jumatano haikuwa nayo: sababu, kutoka kinywani mwa aliyeamua. Mimi naiona kuwa kazi kamili zaidi ya uandishi kuliko sentensi zake nzuri, ingawa nazo alizihangaikia mno, akipiga simu chumba cha habari kuhakikisha hata mkato umekaa mahali pake.

Miaka 6 baadaye alikuwa Los Angeles, bondia Johnny Owen wa Wales alipoangushwa na Lupe Pintor katika raundi ya 12. Owen hakuzinduka tena. Alifariki Novemba 1980. Hapo jicho la kubeti halikuwa na la kusema. McIlvanney alimwandika kijana mwenye haya, mkimya nje ya ulingo, aliyeweza kujieleza kwa ngumi tu, na hakuyaficha mashaka yake juu ya mchezo alioupenda.