Nani Alipigiwa Simu?

Katika filamu ya Eye in the Sky (2015) ya Gavin Hood, msichana mdogo aitwaye Alia anauza mikate kando ya nyumba moja Eastleigh, Nairobi. Ndani ya nyumba hiyo magaidi wanavaa vizibao vya mabomu. Juu angani droni ya Marekani inangoja amri. Kombora likirushwa, huenda Alia akafa. Lisiporushwa, watu hadi 80 wanaweza kufa kwingineko.

Wengi huisifu kwa kutompa mtu yeyote haki yote, na kwa sehemu nakubali. Kanali Powell, anayeigizwa na Helen Mirren, anamshinikiza sajini wake aipige hesabu upya na upya mpaka uwezekano wa Alia kufa ushuke hadi asilimia 45. Si katili. Anatafuta tu namba ambayo wakubwa wataikubali, na hapo ndipo filamu inapotisha kweli.

Lakini hebu fuatilia simu zenyewe. Swali linatoka London, linamfuata waziri wa Uingereza Singapore, anakosumbuliwa na tumbo, kisha linamkuta waziri wa Marekani China akicheza tenisi ya meza. Kombora litaanguka Nairobi, ila hatuoni waziri yeyote wa Kenya akiulizwa. Kikosi cha Kenya kipo, kimekaa tayari, kinasikiliza. Isili yenyewe, mtaa wa maduka na biashara usiolala, imegeuzwa kuwa kijiji cha vizuizi na watu wenye bunduki (na picha zilipigwa Afrika Kusini).

Halafu kuna Alia mwenyewe. Amepewa mkate, hulahupu na vitabu anavyosoma kwa siri, asibaki na doa lolote. Je, mikate ile ingeuzwa na kijana wa kiume wa miaka 19, kuna ambaye angepiga simu hata moja? Wapita njia wengine mtaani hawakusumbua usingizi wa mtu.

Kuna dakika moja tu ambapo utata huu unashuka hadi barabarani. Baada ya mlipuko, wapiganaji wanashusha bunduki kubwa kutoka kwenye gari lao ili Alia apate pa kulazwa, wakimkimbiza hospitali na wazazi wake. Hawazungumzi na London. Hood anawapa sekunde chache, kisha anaturudisha kwenye chumba cha mkutano.