Sensa Inaposema Kweli

Jijini Nairobi, ukiteremka kutoka River Road kuelekea mtoni unafika Kirinyaga Road, ambako watu wengi bado wanakuita Grogan. Spea zimemwagika hadi ukingo wa barabara. Mwenye gari ambaye mashine ya kupima imemsomea namba ya hitilafu P0325 ataletewa sensa ya kugonga kwa injini kabla hajamaliza kueleza shida yake, na wengi hulipa papo hapo. Fundi ninayetaka kumsifu ni yule anayemwambia mteja arudishe pesa mfukoni kwanza.

Swali lake la kwanza haligusi sensa. "Mama, gari inalegea kwa mlima tu, ama hata kwa tambarare? Na mafuta ya mwisho uliweka wapi?"

Anauliza hivyo kwa sababu anajua P0325 haisemi sensa imekufa. Inasema kompyuta ya gari haipati ishara ya kuaminika kutoka upande wa sensa. Katika Toyota nyingi taa ya injini huwaka kwa namba hiyo volti ikishuka chini ya 0.5 au ikipita 4.5, na waya uliokatika au soketi iliyoshika kutu huweza kuleta hali hiyo hiyo. Mjumbe hauawi, na huyu huenda hata hajafika.

Sensa yenyewe ni kitu kidogo cha ajabu. Ndani yake mna kauri inayotoa umeme ikibanwa, tabia ambayo ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, waliionyesha kwenye fuwele mwaka 1880. Petroli iliyobaki pembeni mwa silinda ikijiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia, chuma hutetema mara 6,000 hadi 7,000 kwa sekunde. Kauri inahisi, kompyuta inachelewesha cheche, kelele inakatika. Kompyuta ikimpoteza mlinzi huyo, hujihami kwa kuchelewesha cheche muda wote, na hapo ndipo gari inakuwa nzito na kunywa mafuta.

Lakini kuna gari nzito isiyowasha taa yoyote, na hapo ndipo ufundi unapoonekana. Sensa ni nzima, inapiga kelele ya haki, kwa kuwa injini inagonga kweli. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga upesi. Uchanganyaji ulikithiri nchini Kenya hadi mwaka 2018 serikali ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Badilisha sensa mara tatu, petroli mbovu itabaki kwenye tangi.

Halafu kuna sikio. Fundi anagusisha ncha ya bisibisi kwenye bloku na kuweka mpini sikioni. Beringi iliyokwisha hugonga kwa sauti nzito inayofuata mzunguko wa injini. Mlio wa petroli inayogonga ni mwembamba, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, na huja injini inapolemewa. Mwinuko wa Nairobi nao huficha mengi. Mita 1,700 juu ya bahari hewa ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 18, basi injini iliyonyamaza hapa huweza kuanza kugonga ikifika kwenye joto la Mombasa. Fundi makini humuuliza mteja kama ametoka safari ya pwani.

Mkono huingia mwisho. Kwenye injini ya 1NZ ya Probox na Vitz, sensa imejificha chini ya manifoldi ya hewa, na vidole hufanya kazi bila macho. Anachomoa soketi injini ikiwa imepoa na kupima ukinzani: kiloomu 120 hadi 280 kwa sensa bapa ya Toyota, wakati Nissan kadhaa husoma kati ya 530 na 590. Asiyejua tofauti hii huitupa sensa nzima. Kisha anaufuata waya wote hadi kwenye kompyuta akitafuta alama za meno ya panya, au mahali ambapo mtu aliukata na kuufunga kwa tepu. Waya huu huvikwa ngao kwa kuwa ishara yake ni hafifu sana; ngao ikikatwa, kelele za koili huingia.

Kama sensa ndiyo mbovu kweli, anasugua uso wa bloku hadi uwe safi, haweki washa, na anakaza bolti kwa spana ya kupimia, nyutonimita 20. Ikikazwa kupita kiasi au ikiachwa imelegea, kauri husikia vibaya. Nimeona wengi wakikaza kwa nguvu za mkono tu, na gari kurudi.

Hafuti namba na kukabidhi ufunguo. Anapita mzunguko wa Globe, anapanda Museum Hill na kushika Waiyaki Way hadi Kangemi, mashine ya kupima ikiwa imechomekwa na mwenzake akisoma nyuzi za cheche kwenye kila mwinuko. Zikirudi nyuma tena, wanageuza gari, na kazi inaanza upya kwenye tangi la mafuta.