Kupima Urefu wa Mchezo wa Video kwa Bei Yake

Mchezo mpya wa video uliuzwa dola 60 kwa miaka mingi, ukafika 70 mwaka 2020, na 2025 Mario Kart World ikatoka kwa dola 80. Kwa pesa hiyo, kijana wa Mangobo, hapa Kisangani, ana haki ya kuuliza atacheza saa ngapi. Ila akiishia hapo, atauziwa mawese yaliyotiwa maji.

Angalia kinachojaza hizo saa. GTA San Andreas ya 2004 inaanza na baiskeli uchochoroni. Baadaye unaogelea, unajifunza kurusha ndege, unahamia mji mwingine. Kila ukishazoea, unapewa jambo jipya la kujifunza. Huo ni urefu halali. Lakini humohumo kuna kazi ya kufukuza treni, Big Smoke akiwa nyuma ya pikipiki anafyatua risasi. Ukishindwa, unaanza mbio upya. Saa za kurudia namna hiyo mimi sizihesabu.

Na ufupi si kasoro peke yake. Portal ya 2007 mtu anaimaliza jioni moja, na kila chumba kinakudai akili zaidi ya kilichotangulia. The Order: 1886 ya 2015 nayo ni fupi, inapendeza macho, lakini muda mwingi unatazama tu, kwa bei kamili.

Sisi wa Kisangani tuna vipimo vyetu. Cha kwanza ni umeme: mchezo unakuruhusu kuhifadhi wapi? San Andreas inataka mhusika wako arudi hadi nyumbani, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kazi, yote yamekwenda. Mechi ya mpira kwenye skrini inaisha kwa dakika chache, maneti (vidhibiti vya kuchezea) zinapokezanwa, kila mmoja amepata haki yake. Ndiyo maana sale za michezo za mtaani zinaishi kwa mpira. Kisha kuna mega za intaneti. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilipita gigabaiti 200 kwenye kompyuta, jumlisha gharama ya kuipakua kwenye bei. Diski utamwazima rafiki au utaiuza. Mchezo uliopakuliwa hauuziki tena.

Kabla ya kulipa, omba uwekewe mchezo ambao mtu ameufikisha katikati, maana mwanzo kila mtengenezaji anaupamba. Cheza nusu saa. Ukikuta kazi ileile ya mwanzoni, tofauti ni adui kuongezewa uhai tu, rudisha maneti.