Beowulf na yule mtu asiye na jina

Nilimaliza kusoma Beowulf nikiwa Itumba, Ileje, kikazi. Baridi kali, umeme umekatika, simu ndiyo taa. Tafsiri ni ile ya Seamus Heaney ya 1999. Kisa wengi mnakijua: shujaa anamuua zimwi Grendel, anamuua na mama yake, kisha uzeeni anapambana na joka, wote wawili wanakufa. Sawa. Mimi kilichonikamata si mazimwi, ni vitu.

Utenzi huu wa mistari 3,182 unajali sana vitu. Malkia Wealhtheow anamtunuku Beowulf mkufu wa dhahabu, na papo hapo malenga anatuambia mfalme gani atauvaa baadaye na kufa nao vitani Frisia. Deraa ya shujaa ni kazi ya mhunzi Weland. Panga zina ukoo. Kwa Waanglosaksoni mfalme bora ni yule anayegawa zawadi, na zawadi lazima iwe na historia.

Sasa mtazame aliyeleta balaa la mwisho. Mtu mmoja anayekimbia viboko anaingia pangoni, anaiba kikombe, joka linaamka. Bila yeye Beowulf hafi. Jina hana. Tena mswada wa kale, ambao uko mmoja tu duniani, umechakaa pale pale anapotajwa. Wahariri wengi wanakisia neno lilikuwa "mtumwa".

Hapo nikakumbuka utafiti uliochapishwa 2023 kuhusu makaburi ya Scremby, Lincolnshire, ya karne ya 5 na 6. Wanawake walizikwa na pete kubwa za pembe za ndovu, zilizokuwa midomo ya mikoba yao ya kiunoni. Vipimo vilionyesha ni tembo wa Afrika, na watafiti wakaelekeza kwenye Bonde la Ufa. Sisemi tembo huyo alikuwa wa Songwe. Ila bonde hilo ndilo hili linalopita Rukwa na Nyasa, hapa nilipokaa na simu yangu.

Yaani tulikuwemo. Mwenye mkoba pengine alijua nani kamzawadia pete. Aliyemfuata tembo porini akahatarisha roho yake, yeye yuko kundi moja na yule mwizi wa kikombe.

Nilitaka kumlaumu malenga, nikasita. Nikiandika habari za malori ya shaba yanayopita Tunduma, naweka jina la waziri, jina la kampuni, idadi ya tani. Utingo anayelala chini ya lori simtaji. Malenga walau alimwacha mwizi wake aingie kwenye hadithi, akamrudisha tena aongoze njia ya pangoni, bila hiari yake.

Ukiusoma, usiharakie Grendel. Msubiri huyo. Mimi kwenye habari yangu ijayo nitaanza kwa kumuuliza utingo jina lake.