Ibilisi Arukaye Watoto

Katika jimbo la Burgos, upande wa kaskazini wa nchi ya Hispania, kuna kijiji kidogo kiitwacho Castrillo de Murcia. Yamkini msomaji amekwisha kuiona picha yake pasipo kulijua jina lake: mtu mwenye nguo za rangi nyekundu na manjano yu hewani, na chini yake wamelala watoto wachanga juu ya godoro, katikati ya njia. Wengine huicheka, wengine hukasirika, kisha hufunua ukurasa wa pili. Hukumu hizo zote mbili zimetolewa upesi mno, kwa kuwa picha ile ni kama neno moja lililong'olewa katika habari ndefu.

Mtu yule huitwa Colacho, naye ni mfano wa Ibilisi. Siku chache kabla ya Jumapili ifuatayo sikukuu ya Mwili wa Bwana, huzunguka kijijini amevaa uso wa bandia, na mkononi ana fimbo yenye mkia wa farasi. Watu humtukana, naye huwafukuza na kuwachapa. Pamoja naye yuko mtu wa mavazi meusi, mwenye mwendo wa heshima, apigaye ngoma kubwa. Kazi yote i mikononi mwa chama cha ndugu wa Sakramenti Takatifu, na mwanzo wake huhesabiwa tangu miaka ya 1620 hivi. Jumapili ikifika, nyumba hupambwa kwa maua, magodoro hutandikwa njiani, na watoto waliozaliwa tangu sikukuu iliyopita hulazwa juu yake. Colacho huja mbio akawaruka, godoro kwa godoro. Siku iyo hiyo Sakramenti hupitishwa kwa maandamano, na watoto hunyunyiziwa maua ya waridi.

Mchezo huu una asili yake. Mwaka 1551 Mtaguso wa Trento uliisifu desturi ya kuichukua Sakramenti njiani mbele ya watu wote. Huko Hispania maandamano hayo yalifuatana na ngoma, na majitu ya kuchongwa, na mashetani, ili hata asiyejua kusoma aone kwa macho nani ameshinda na nani ameshindwa. Mfalme Carlos III aliipiga marufuku michezo ya Sakramenti mwaka 1765, na mwaka 1780 akayakataza yale majitu na ngoma katika maandamano. Lakini amri ya mfalme haikufika kila kichochoro, na Colacho angali akikimbia.

Basi nausifu mchezo huu, lakini maelezo yake siyasifu. Husemwa ya kwamba mruko huo huwaondolea watoto dhambi ya asili, na kuwakinga na maradhi. Tangu lini Ibilisi amekuwa mwoshaji? Kazi hiyo ni ya ubatizo, nao hautaki mbio wala mkia wa farasi. Tukisema kwamba Ibilisi anakimbia mbele ya Bwana wake, na kwamba hata akipita juu ya walio wadogo kabisa hana ruhusa ya kuwagusa, hapo kila kitu huingia mahali pake: matusi, ngoma, mbio, hata yale maua. Maelezo haya ni yangu mimi, sikuyapata kwa wenyeji. Ila naona mchezo wenyewe wayakubali.

Liko na jambo zito zaidi. Mguu wa mtu huteleza, hata wa mtu aliyezoea, na aliyelazwa pale hakuulizwa. Mkubwa akichapwa kwa mkia wa farasi amejitakia, kwa maana alimtukana Colacho kwanza akijua atafukuzwa. Mtoto wa miezi mitatu hakutukana mtu. Kama ningalikuwako, ningalisimama kando ya njia na mwanangu mkononi, nikatazama kwa furaha, nisimlaze.

Wageni nao wameongeza hasara. Huja kwa wingi na vyombo vyao vya picha, na wengine huleta watoto wao kutoka nchi za mbali ili warukwe, hali hawakuonana na Colacho katika siku zake za kutukanwa. Wanapokea mwisho wa kisa wasiosikia mwanzo wake. Na yule mpiga ngoma mwenye mavazi meusi, aliyetembea siku zote hizo bila kuruka chochote, katika picha zilizonifikia sijamwona hata mara moja.