Kushoto kwa Nani? Uhakiki wa Lugha ya Kuelezea Bendera za Uganda, Rwanda na Burundi

Maelezo ya bendera katika Kiswahili hukaa mno kwenye maana za rangi na kulipita umbo kwa haraka. Makala hii inadai kwamba umbo lisipoelezwa kwa istilahi thabiti, maana nazo hupotea.

Tatizo la kwanza ni maneno "kulia" na "kushoto". Bendera ina nyuso mbili; kilicho kulia kwa mtazamaji mmoja kiko kushoto kwa aliyesimama ng'ambo. Jua katika bendera ya Rwanda ya mwaka 2001 haliko "juu kulia", bali katika pembe ya juu iliyo mbali na mlingoti. Korongo wa Uganda vilevile haangalii "kushoto". Anauelekea mlingoti, atazamwe upande wowote.

Tatizo la pili ni neno "urefu", ambalo hutaja masafa ya kwenda juu na pia ya kwenda mbele. Mwaka 1982 Burundi ilibadili uwiano wa bendera yake kutoka 2:3 hadi 3:5. Fundi akichukulia 5 kuwa masafa ya kwenda juu, atashona kitambaa kilichosimama kama pazia la mlango, na mikono ya msalaba wa mshazari itabadili pembe zake.

Huenda ikasemwa kwamba hayo ni ya mafundi, na raia anahitaji maana tu. Hoja hiyo haisimami. Anayeambiwa kwamba bendera ya Rwanda ina "milia mitatu" hudhani inalingana, ilhali buluu, rangi ya furaha na amani, imepewa nusu nzima, na njano na kijani robo moja moja. Nyota tatu za Burundi hufasiriwa rasmi kuwa Umoja, Kazi na Maendeleo. Wengine huziona kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa. Fasiri zote mbili zinategemea nyota hizo kuwa na ukubwa mmoja. Maelezo yanayotaja idadi pekee yameacha usawa, na usawa ndio kiini cha ujumbe katika nchi yenye historia ile.

Tunapendekeza "upande wa mlingoti" na "upande wa kupepea" badala ya kushoto na kulia. "Kimo" kwa masafa yanayofuata mlingoti, na "urefu" kwa yanayotoka mlingotini. Maneno yote tunayo tayari. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuyatumia kwa namna moja katika vitabu vya shule na tafsiri za sheria.